Reli ya Mjini si Njia ya Miguu

Wasomaji wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kamina wanaijua reli tangu utoto wao. Ni njia iliyonyoka, kavu hata wakati wa mvua, na watu huifuata kwa miguu kwenda shambani, sokoni au shuleni. Mama hukanyaga mataruma akiwa na kapu kichwani; watoto hutega sikio juu ya chuma ili kujua kama gari la moshi li mbali au li karibu. Gari lenyewe hupita mara chache, tena polepole, na honi yake husikika kabla halijaonekana. Basi mazoea yetu juu ya reli ni mazoea ya mtu mwenye nafasi: akisikia honi, hujitenga pembeni bila haraka.

Mazoea hayo ni mabaya hata hapa kwetu. Tarehe 22 Aprili 2014, huko Katongola karibu na Kamina, gari la mizigo lililokuwa limepakia watu wengi lilitoka relini, na makumi ya watu wakafa. Lakini leo twataka kusema juu ya hatari nyingine, maana jamaa nyingi za parokia zetu zina kaka, binti au shangazi anayekaa Ubelgiji, na vijana wetu wengine hujiandaa kwenda huko kusoma. Wakiisha fika Bruxelles, hawatakaa siku nyingi kabla ya kushuka katika metro. Tunawafundisha Kifaransa na hesabu. Hatuwafundishi namna ya kusimama kituoni.

Metro ya Bruxelles ilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1976, na leo ina njia nne, zenye namba 1, 2, 5 na 6. Magari yake hayana moshi. Huendeshwa kwa umeme, hupita kwa sehemu kubwa chini ya ardhi, na mchana hufuatana kwa dakika chache tu. Mkongomani akishuka Porte de Namur, kwenye mtaa wa Ixelles uitwao Matonge kama Matonge ya Kinshasa, atasikia lugha za kwetu barabarani na kujiona yu nyumbani. Lakini chini, jukwaani, hayuko nyumbani. Humo reli si mbili bali tatu: ile ya tatu, iliyo pembeni, ndiyo ipitishayo umeme wa volti 900, karibu mara nne ya nguvu iwashayo taa za nyumba zetu. Kofia ikianguka humo, simu ikianguka, hata karatasi za ukaaji zikianguka, ziache. Waite watumishi wa kituo. Hakuna kitu cha mfukoni kinachostahili kushukiwa relini.

Tena kuna ukingo wa jukwaa. Katika miji mingi ya dunia utauona mstari wenye vinundu, mara nyingi wa rangi ya njano, ambao mguu huusikia hata katika kiatu. Uligunduliwa na Mjapani mmoja, Seiichi Miyake, na vipande vya kwanza viliwekwa njiani mjini Okayama mwaka 1967, kwa ajili ya vipofu. Kipofu huuheshimu kuliko mwenye macho! Mwenye macho hupita mbele ya mstari ili achungulie kama gari laja, kana kwamba kuchungulia kwake kutaliharakisha. Mahali pa kungojea ni nyuma ya mstari, na tena si hatua moja nyuma, hasa saa ya watu kutoka kazini, umati unaposukumana.

Gari likiisha simama, waache kwanza watokao. Milango ikianza kulia, usijitupe ndani. Mkoba au ncha ya koti huweza kubanwa, nawe ukabaki nje. Gari jingine laja baada ya dakika chache. Kwetu asiyepata gari leo hungoja juma zima, na labda ndiyo sababu ya haraka yetu. Mkoba na uwe kifuani, si mgongoni, kwa maana wezi wa mifukoni hupenda msongamano wa mlangoni, na wakati milango inapofungwa wao huwa wameshatoka.

Wazazi na wapatane na watoto wao kabla ya kuondoka nyumbani. Mtoto akisahauliwa jukwaani, na asimame pale pale. Mzazi ashuke kituo kinachofuata na kurudi. Mtoto akichukuliwa na gari peke yake, ashuke kituo kinachofuata, asimame mbali na ukingo, asiende popote mpaka mzazi amfikie. Mtoto wa miaka sita aweza kushika maneno hayo, akiambiwa mara tatu kwa utulivu. Hawezi kuyashika akipigiwa kelele kupitia kioo cha mlango.

Juu ya ardhi kuna tramu, nayo huwadanganya wageni kwa namna nyingine. Katika Ubelgiji motokari hulazimika kumpisha mtu anayevuka penye mistari myeupe. Tramu hailazimiki, mwenda kwa miguu ndiye aipishe. Wengi huiona sheria hiyo kuwa kali, lakini sababu yake ni wazi. Tramu ndefu za mji huo zina mita 43 na uzito wa makumi ya tani, na gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama mpira ushikavyo lami. Dereva aweza kukuona vizuri, akafunga breki kwa nguvu zote, na bado akakugonga. Sasa mfikirie kijana avukaye huku amejaza muziki masikioni na macho yake yako katika simu.

Hata mwenye kufuata yote haya hana ahadi ya kuwa salama. Tarehe 14 Januari 2022, jioni, katika kituo cha Rogier, mwanamke mmoja alisukumwa relini na mtu aliyekuwa nyuma yake, wakati gari linaingia. Dereva alifunga breki kwa ghafla, na gari likasimama mbele yake kidogo tu. Yule mwanamke na yule dereva wote wawili walipelekwa hospitali kwa mshtuko. Tangu tuliposoma habari hiyo twawaambia vijana wetu: ngojeni karibu na ukuta, mkiuelekezea mgongo.

Na je, mwingine akianguka mbele yako? Hapa Mkristu hushikwa na mashaka, maana tumefundishwa kutopita kando ya aliyeanguka njiani. Tuseme jambo lililotukia mjini Tokyo, tarehe 26 Januari 2001, katika kituo cha Shin-Okubo. Mlevi mmoja alianguka relini usiku. Watu wawili wasiomjua waliruka kumwokoa: mwanafunzi kutoka Korea ya Kusini, Lee Su-hyon, mwenye miaka 26, na mpiga picha Mjapani, Shiro Sekine, mwenye miaka 47. Gari likafika. Wote watatu wakafa.

Hatuthubutu kuwahukumu wawili wale. Upendo wao ulikuwa mkubwa kuliko wetu tuandikao mezani. Lakini Mtakatifu Tomasi wa Akwino huitaja busara kuwa ya kwanza katika fadhila kuu nne, na busara yasema kwamba atakayemwokoa aliyeanguka ni yule awezaye kusimamisha gari. Baada ya kifo chao, majukwaa ya Japani yaliongezewa vitufe vya hatari, ambavyo mtu yeyote aweza kuvibonyeza ili dereva apate ishara ya kusimama, na sasa vituo vingi vya Tokyo vina milango kwenye ukingo wenyewe. Bruxelles pia mna vyombo vya kuita msaada katika vituo. Mgeni avitafute kwa macho siku ya kwanza, kabla havijahitajika. Basi ukiona mtu ameanguka, mpigie dereva ishara kwa mikono yote miwili, ukisimama nyuma ya mstari, mtume mwingine kwenye chombo cha hatari, piga simu namba 112, na mwambie aliyeanguka asiiguse reli ya tatu.

Katika kituo cha Shin-Okubo abiria hupita mbele ya kibao chenye majina ya Lee na Sekine. Kimeandikwa kwa Kijapani na kwa Kikorea.