Lualaba: Kapteri za okazyo za presha zipimwe kabla tairi halijarudi kwenye janti

Kando ya barabara ya kitaifa namba 39, inayounganisha Likasi na Kolwezi kupitia Fungurume, kazi ya kwado inajulikana vizuri. Tairi linatolewa, linabandikwa kiraka, linajazwa hewa, gari linaondoka. Kwa wenye magari wa Tenke, kazi hiyo imeongezeka hatua moja ambayo wengi bado wanairuka: kupima kapteri ya presha iliyonunuliwa okazyo kabla ya kuifungia ndani ya tairi.

Kapteri hiyo ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye valvu, upande wa ndani wa janti. Inapima presha na joto la hewa, kisha inatuma habari kwa redio hadi kwenye tablo ya dereva. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari yote madogo mapya kuanzia Septemba 2007, baada ya ajali za tairi za Firestone zilizopasuka kwenye magari ya Ford Explorer. Umoja wa Ulaya ulifanya vilevile kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Japani haikulazimisha, na ndiyo sababu magari mengi yenye usukani wa kulia yanafika hapa bila kapteri yoyote.

Shida kubwa ni umri. Batri ya kapteri imefungwa ndani kwa gundi ngumu, haichajiwi na haikutengenezwa ibadilishwe. Kwa kawaida inadumu kati ya miaka 5 na 10. Kapteri iliyotolewa kwenye gari la mwaka 2014 inaweza kuonekana mpya kabisa juu ya meza ya muuzaji wakati imebakiza wiki chache tu. Kuna mafundi wanaokata gundi hiyo na kuchomea batri nyingine. Kazi hiyo ni ya mashaka: joto la ndani ya tairi linapita lile ambalo batri ya kawaida ya saa inavumilia, na unyevu unaingia pale palipokatwa.

Mtu akifunga kapteri nne bila kupima, kisha mbili zikawa zimekufa, tairi mbili zitatolewa tena, na kazi italipwa mara ya pili. Tena kila tairi linapong'olewa kwenye janti, kuna hatari ya chuma cha kung'olea kuvunja kapteri nzima. Fundi mwenye kujua anaanza kung'oa mbali na valvu.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache, lakini kunaomba kifaa. Kapteri iliyolala mezani haisemi kitu, kwa sababu inalala ili kulinda batri na inaamka gurudumu likizunguka. Skana ndogo ya mkononi inaiamsha kwa mawimbi ya kilohezi 125, kisha inasoma namba yake, presha, joto, na mara nyingi hali ya batri. Ikikaa kimya baada ya kujaribiwa mara kadhaa karibu na valvu, au skana ikionyesha batri dhaifu, irudishwe kwa muuzaji.

Lakini kapteri inayojibu inaweza bado kuwa si ya gari hilo. Zile za magari ya Marekani kwa kawaida zinatumia mawimbi ya megahezi 315, za Ulaya 433. Mara nyingi tarakimu hiyo imeandikwa kwenye kifuniko, pamoja na namba ya kapteri na mara nyingine tarehe ya kutengenezwa. Gari linalosikiliza 433 halitaisikia ya 315 hata siku moja, hata batri ikiwa mpya. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaanguka, maana skana nyingi zinasoma mawimbi yote mawili na kuonyesha kwamba kila kitu ni sawa.

Kuna jambo lingine la huku juu. Eneo la Tenke na Kolwezi liko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na hewa ya nje ina presha ndogo kuliko ya pwani, karibu bara 0.86 badala ya 1.01. Kapteri nyingi zinapima presha yote, kisha mashini inatoa ile ya pwani. Kwa hiyo kapteri nzima iliyo mezani inaweza kuonyesha sifuri, au pungufu kidogo ya sifuri, na hiyo si kasoro. Kinachotia mashaka ni ile inayoonyesha bara 1 au 2 wakati haimo ndani ya tairi.

Wengine wanajaribu kuipima kwa kuifunga ndani ya bomba la plastiki na kulijaza hewa kwa kompresa. Wasifanye hivyo. Plastiki ya namna hiyo ikipasuka kwa presha ya hewa inaruka vipande vinavyokata kama kisu.

Baada ya kupima, fundi aandike namba ya kila kapteri na gurudumu lake kabla ya kufunga. Magari mengine yanazijua zenyewe baada ya kutembea kwa muda, lakini Toyota nyingi zinaomba mashini ya kuziingiza kwenye kompyuta ya gari. Karatasi ikipotea, inabidi skana izunguke tena gurudumu kwa gurudumu.

Taa ya tablo nayo inasema mambo mawili tofauti. Ikiwaka bila kukatika, presha imeshuka. Ikipepesa kwa dakika moja au zaidi kidogo gari linapowashwa, kisha ikabaki inawaka, gari halisikii kapteri. Dereva aliyezoea taa inayowaka kila siku kwa sababu ya kapteri mfu hataiangalia siku tairi litakapoanza kupoteza hewa njiani, pikapu ikiwa imejaa watu na mizigo.

Malori bado hayajaguswa sana. Ulaya imelazimisha mfumo huu kwa malori, mabasi na trela zote mpya kuanzia Julai 2024 tu. Yatakapoanza kuuzwa okazyo na kufika kwenye barabara ya shaba, gari moja litakuwa na kapteri zaidi ya kumi za kupima.