Mikahawa ya Kiitaliano Malindi: Ilivyoanza na Nani Atairithi

Mgeni anayefika Malindi kwa mara ya kwanza hushangaa kukuta piza na aiskrimu ya Kiitaliano katika mji wa wali wa nazi na mahamri. Hushangaa zaidi anapohudumiwa na kijana wa Kigiriama anayezungumza Kiitaliano sanifu alichojifunza kazini, si darasani.

Asili yake ni roketi. Katika miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio na wenzake kutoka Italia walijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967. Nyingine, iliyorushwa Disemba 12, 1970, ilipewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Wahandisi na mafundi walikuja kwa kazi, watalii wakafuata, na baadhi ya familia zikahamia kabisa na kufungua mikahawa.

Biashara hizi si za mwenye mkahawa peke yake. Kamba, ngisi na kaa hutoka kwa wavuvi wetu, na unga wa piza hukandwa na wapishi wenyeji. Ndiyo maana mwaka 2020 pigo lilikuwa la wengi. Korona iliikumba Italia mapema, kisha Kenya ikasimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje tarehe 25 Machi hadi Agosti 1. Mkahawa unaotegemea wageni wa Italia ulikosa wateja, na mvuvi akakosa mnunuzi.

Swali lililopo sasa ni la urithi. Mtoto aliyezaliwa Malindi na wazazi wote wageni hawi raia wa Kenya kwa kuzaliwa hapa tu. Inatosha mzazi mmoja kuwa Mkenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 65 cha Katiba, asiye raia humiliki ardhi kwa mkataba wa kukodisha usiozidi miaka 99. Mgeni anayetaka kuendesha biashara yake mwenyewe huhitaji pia kibali cha Daraja G kutoka Idara ya Uhamiaji, chenye sharti la mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani.

Mpishi Mkenya aliyekaa jikoni miaka mingi hana vikwazo hivyo. Akitaka kufungua mkahawa wake, anahitaji leseni ya biashara ya kaunti na jengo lililokaguliwa na maafisa wa afya ya umma. Kila anayeshika chakula, mwenye mkahawa akiwemo, lazima apimwe afya na kupata cheti kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita.