Baridi ya Japani Imo Ndani ya Nyumba

Mwanafunzi anayejiandaa kwenda Tokyo huhangaika na koti. Akifika hukuta Januari yenye wastani wa nyuzi 5 hivi za Selsiasi, lakini anga ni jeupe, jua linawaka, na viti vya treni vina joto la kumsinziza mtu. Taabu huanza akifungua mlango wa chumba chake cha kupanga. Alfajiri huiona pumzi yake ikitoka kama moshi, naye bado yumo kitandani.

Sisi wa fani ya majengo huulizwa: nchi tajiri namna ile inashindwaje kuzipa nyumba zake joto? Jibu liko kwenye majira ya joto. Julai na Agosti za Tokyo zina fukuto la Tanga ya mwezi Machi, na wajenzi wa kale walikusudia kwanza upepo upite: mbao, karatasi, sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini. Mtawa Yoshida Kenko, aliyeishi karne ya 14, alishauri hivyohivyo, kwamba anayejenga nyumba afikirie kiangazi. Karatasi zikaja kupisha vioo, lakini vioo vyenyewe vya tabaka moja, ndani ya fremu za alumini, metali inayopitisha joto upesi mno. Viwango vya kuhami joto viliwekwa mwaka 1980, ila ni Aprili 2025 tu ndipo vilipokuwa sharti la kisheria kwa kila nyumba mpya. Mgeni mwenye kipato kidogo hapangi nyumba mpya.

Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, walishalimaliza jambo hili. Huko sheria ya kuhimiza nyumba za kukinga baridi ilipitishwa mwaka 1953, na leo madirisha ni ya tabaka mbili au tatu na kuta ni nene. Ndiyo maana mtu wa Sapporo, anayetembea juu ya theluji miezi kadhaa, akishuka Tokyo hulalamikia baridi ya sebuleni.

Kwingineko, Wajapani hupasha mwili joto na kuiacha nyumba ilivyo. Chombo chao mashuhuri ni kotatsu: meza fupi yenye hita ya umeme chini yake, mfarishi umetandazwa juu na kuning'inia pande zote, kisha ubao wa meza ukaulalia. Familia huingiza miguu humo, ikala machungwa na kutazama televisheni. Kwa upande wa umeme ni akili kubwa, kwa sababu unapasha nafasi ndogo iliyofunikwa badala ya chumba kizima. Ubaya wake ni kwamba ukishaingia hutaki kutoka, hata mlango ukibishwa.

Kisha yako mafuta ya taa, ambayo sisi tunayafahamu vizuri. Huuzwa katika vituo vya petroli, na katika mitaa mingine huletwa na gari linalopita likipiga muziki. Tangi la plastiki hubeba lita 18, karibu sawa na debe letu la zamani. Hita nyingi za mafuta hayo hutoa moshi wake humohumo chumbani, kwa hiyo dirisha lifunguliwe mara moja au mbili kila saa, hata kama roho inauma. Kaboni monoksaidi haina harufu. Inayoua kwenye jiko la mkaa ndiyo hiyohiyo.

Kuna jingine wasilolijua wengi. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, katika umbo la mvuke. Mvuke huo ukigusa kioo baridi hugeuka matone, na asubuhi dirisha linachuruzika, pazia limelowa, na kuvu jeusi limeota nyuma ya kabati. Dawa ni kupangusa kila siku na kusogeza kabati mbali kidogo na ukuta.

Anayetumia kiyoyozi kupasha chumba joto ana shida iliyo kinyume. Upepo wa Siberia huchota unyevu juu ya Bahari ya Japani, ukagonga milima na kuumwaga wote kama theluji upande wa Niigata. Tokyo huupata ukiwa mkavu. Hewa hiyo ikipashwa joto huzidi kukausha: midomo inapasuka, mwili unapauka. Losheni nyepesi haifui dafu, tafuta mafuta mazito ya mgando.

Mzazi akija kumtembelea mwanawe, jihadharini na bafu. Mtu huvua nguo kwenye kijichumba baridi, shinikizo la damu linapanda, kisha huzama ndani ya maji ya nyuzi 42 na shinikizo linashuka ghafla. Akizimia humo, anazama. Kila majira ya baridi wazee wengi hufa hivyo. Pasha kijichumba hicho kwanza, weka maji yasiyozidi nyuzi 41, na asikae zaidi ya dakika kumi.