Wimbo wa Siasa na Sikio la Msikilizaji

Katika madarasa ya fasihi niliyofundisha Nyeri, na baadaye Karatina, swali ambalo watahini hawakuchoka kuliuliza ni hili: mtunzi wa wimbo huu amekusudia nini? Wanafunzi wetu hulijibu barabara. Hueleza dhamira, hutaja takriri na jazanda, kisha hufunga daftari. Lakini lipo swali la pili ambalo sikupata kuliona katika karatasi yoyote ya mtihani: wale waliousikia wimbo huo walifanya nini? Kwa maoni yangu, wimbo wa siasa usioulizwa swali hilo umesomwa nusu, maana nusu yake ya pili hutungwa na masikio.

Chukua mfano wa jazi. Katika Afrika Mashariki neno hili lilipanuka hata likawa jina la bendi yoyote yenye magita na tarumbeta: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, na kutoka Kongo ile OK Jazz ya Franco Luambo, iliyoanzishwa mwaka 1956. Tarehe 2 Juni 1966 utawala wa Mobutu uliwanyonga hadharani, jijini Kinshasa, Évariste Kimba na wenzake watatu. Franco akatoa wimbo juu ya mchawi aitwaye Luvumbu, na wenyeji wa jiji hawakuhitaji mfasiri. Wala serikali haikumhitaji. Iliupiga wimbo marufuku. Huku kwetu mlimani OK Jazz ilipendwa mno katika mabaa ya Nyeri na Nanyuki, lakini ilipendwa kwa gita lake. Kilingala hatukukijua, na kwa hiyo maombolezo na shutuma za wenzetu tulizichezea dansi.

Miaka sita kabla ya hapo, jijini New York, mpiga piano Randy Weston alikuwa amerekodi Uhuru Afrika, jazi halisi ya Wamarekani weusi, na ndani yake akamweka Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anene juu ya uhuru kwa Kiswahili. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964. Serikali nayo ni msikilizaji, tena aghalabu ni msikilizaji makini kuliko mlevi wa baa.

Nyimbo za Kikuyu zilikuwa na bahati nyingine, au tuseme balaa nyingine: jirani yote ilizielewa. Muthirigu, wimbo wa dansi uliovuma mwaka 1929 ukiwakejeli wamisheni na machifu katika mzozo wa tohara ya wasichana, ulipigwa marufuku mwaka uliofuata na waimbaji wakatiwa ndani. Kizazi kilichofuata kilijifunza. Mau Mau walipoanza kutunga, walichukua tuni za tenzi za kanisani wakazitia maneno ya ardhi na ya viongozi wao. Louis Leakey, aliyekulia Kabete akikisema Kikuyu kama mwenyeji, aliandika mwaka 1954 jinsi Mzungu mpita njia alivyoweza kuzisikia na kudhani ni ibada. Sauti ilikuwa moja, masikio yalikuwa mawili.

Baada ya uhuru fundi wa kazi hii alikuwa Joseph Kamaru wa Kangema, aliyefariki mwaka 2018. Mzee Kenyatta alimpenda, mpaka mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J. M. Kariuki, alipouawa Machi 1975 na Kamaru akaimba juu ya kifo hicho. Urafiki ukaisha. Wimbo haukuihitaji redio ya taifa. Santuri zilizunguka, na watu walisikiliza kwa namna ambayo sijaiona ikielezwa vitabuni, yaani bila kusema kitu. Mtu alilipia chupa yake, akasikiliza hadi mwisho, akaenda zake.

Lakini mwaka ambao mimi mwenyewe naweza kuutolea ushahidi ni 1990. Februari aliuawa Dkt. Robert Ouko. Mei mabanda ya Muoroto yalibomolewa jijini Nairobi. Tarehe 4 Julai Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini, na siku tatu baadaye ikawa Saba Saba, na ghasia zikaenea hadi miji yetu ya Mkoa wa Kati. Kila tukio lilipata kanda yake. Magazeti yalipima maneno kwa mizani ya dhahabu, ilhali kanda ya Kikuyu iliyorekodiwa upesi ilisikika katika kila matatu, na matatu moja ilibeba watu kumi na wanane hata kama leseni ilisema vingine. Huo ulikuwa ukumbi wa mihadhara.

Nilisafiri kila Ijumaa kutoka Nyeri kwenda Karatina. Tulipokaribia kizuizi cha polisi dereva alichomoa kanda, akatia ya kwaya. Hakuna aliyeamrisha, na hakuna aliyelalamika. Siku moja alichelewa, akazima tu redio. Askari akachungulia dirishani, akauliza mbona gari limekuwa kimya hivyo. Mama mmoja mwenye kikapu cha nduma akamjibu kwamba betri imekwisha, ilhali injini ilikuwa ikinguruma chini ya miguu yake. Gari zima likashikwa na kikohozi. Askari naye, ambaye yamkini alikuwa na kanda hiyo hiyo nyumbani kwake, akatupungia tupite.

Usidhani jambo lile lilikuwa mchezo. Wachuuzi wa kanda walikamatwa, wakapelekwa kortini. Walioadhibiwa walikuwa wauzaji. Wasikilizaji, ambao walikuwa maelfu, hawakuweza kutiwa pingu. Kikohozi hakina kifungu cha sheria. Hata hivyo nadiriki kusema kwamba kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi, watu wa kikohozi walikuwa wamekwisha kupiga kura zamani.

Hadi hapa hadithi inatupendeza. Kuna wimbo mwingine wa Kamaru, Ndari ya Mwarimu, wa enzi hiyo hiyo ya Kenyatta, unaomhusu mwalimu na mwanafunzi wake wa kike. Safari hii walioguswa tulikuwa sisi watu wa chaki. Chama cha walimu kilitishia mgomo. Hatukusema kwamba tabia hiyo haipo. Tulisema heshima ya kazi yetu imevunjwa, hoja ile ile inayotumiwa na kila mheshimiwa anayetaka kanda ikamatwe. Zaidi ya miaka thelathini ilipita ndipo, mwaka 2010, Tume ya Kuwaajiri Walimu ikatoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma ya kimapenzi. Mwimbaji alikuwa ametangulia. Wasichana waliokatiza masomo katika miaka hiyo hawakutungiwa waraka wowote.

Na masikio yale yale yaliyozoea kunasa fumbo yaweza kunasa sumu. Ripoti ya Tume ya Jaji Philip Waki, mwaka 2008, ilizitaja redio za lugha za mama miongoni mwa zilizochochea uhasama wa uchaguzi wa 2007, na mwaka 2012 waimbaji watatu wa Kikuyu walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za matamshi ya chuki katika nyimbo zao. Sitaki kuwahukumu; hiyo ni kazi ya mahakama. Ninachouliza ni je, sisi tuliokohoa mwaka 1990 tulikohoa pia tulipomsikia jirani akifumbwa kwa jina la mnyama, au tulimwomba dereva aongeze sauti?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kuorodhesha jazanda. Mwalimu mwenzangu atakayefundisha fasihi simulizi muhula ujao awatume wanafunzi nyumbani, wawaulize wazee si maneno ya nyimbo, bali walikuwa wapi zilipoimbwa, nani alikuwapo, na nani aliondoka. Mimi nililijaribu zoezi hili na kidato cha tatu. Mmoja aliandika kwamba nyanyake, akiwa msichana, alikuwa akienda kuteka maji pamoja na wenzake wakiimba zile tenzi za Mau Mau, na kwamba walipofika mbele ya nyumba ya padri Mzungu hawakupunguza sauti; waliipandisha, naye padri akatoka barazani akawapungia mkono.