Ni lori au ukuta?

Jumamosi moja, saa kumi jioni, binti wa jirani yangu aliingia barazani kwetu na karatasi ya mtihani aliyoikunja mara nne. Yuko kidato cha nne, na Novemba haiko mbali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Akaifunua karatasi na kuiweka mkekani mbele yangu. Sehemu ya ufahamu wa Kiingereza: alama mbili kati ya kumi. Nikamwomba anisomee kile kifungu kwa sauti. Alisoma vizuri, hakukwama popote, kama mtangazaji wa redio. Tulipofika kwenye sentensi moja nikamsimamisha: "The lorry hit the wall and it collapsed." Swali lilitaka kujua ni kitu gani kilibomoka. Yeye alikuwa ameandika: lori.

"Hebu niambie sentensi hiyo kwa Kiswahili," nikamwambia.

"Lori liligonga ukuta, li..." Akasita. Akairudia karatasi kwa macho. "Lori liligonga ukuta, ukabomoka. Mjomba, kumbe ni ukuta!"

Sikumfundisha neno jipya hata moja, wala kanuni ya sarufi. Aliusikiliza ulimi wake mwenyewe, ukamwambia kile ambacho macho yalikuwa yameruka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza jinsi tunavyowaandaa watoto wetu kwa mtihani wa Kiingereza. Tunawapa kifungu wajibu, tunasahihisha, tunawapa kingine. Pasti pepa zinajaa mfukoni, na kazi yenyewe ya kuelewa inabaki haijaguswa. Kazi hiyo watoto hawa wanaiweza. Wanaifanya kila siku kwa Kiswahili.

Mtihani ndani ya kila mtihani

Wengi wa vijana walioko sekondari Tanzania leo walisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Walipoingia kidato cha kwanza, wakiwa na miaka 13 au 14, karibu masomo yote yaligeuka ghafla kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza mzunguko wa damu bila kigugumizi anakaa kimya darasani. Damu anaifahamu bado. Lugha ya kuielezea ndiyo imebadilika.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliandika ripoti kuhusu ufundishaji wa Kiingereza nchini na matumizi yake kama lugha ya kufundishia. Walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Tangu hapo mitaala imebadilishwa na sera zimeandikwa upya, lakini mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza katika shule ya kata ataitambua hali hiyo kama vile ripoti imeandikwa jana.

Ndiyo maana alama mbili kati ya kumi za binti huyu zilinitia wasiwasi kuliko anavyodhani. Asiyeelewa kifungu cha Kiingereza hataelewa vizuri swali la Baiolojia, la Jiografia wala la Fizikia. Ufahamu ni mtihani uliojificha ndani ya kila mtihani. Wenzetu wa Kenya wanauona uzito huo kwa hesabu kabisa: karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ina alama 80. Ufahamu umepewa 20, dondoo la kitabu kilichoteuliwa 25, na ushairi au fasihi simulizi 20. Ukijumlisha, alama 65 zinakwenda kwa anayejua kusoma maandishi na kuyaelewa. Sarufi inabakiwa na 15 tu.

Kiswahili kinaonyesha, Kiingereza kinaficha

Turudi kwa lori na ukuta. Lugha yetu ina adabu moja nzuri: kila nomino huacha alama yake kwenye kitenzi. Kikombe kikavunjika, mkate ukaoza, maji yakamwagika, chupa ikapasuka. Msikilizaji hahitaji kuuliza ni nini kilichofanya nini, kwa kuwa kiambishi kimeshamwambia. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo. Kikombe, mkate, lori na ukuta vyote vinakuwa "it", na vikiwa vingi vinakuwa "they", neno lilelile linalotumika kwa watu. Mwandishi anamwachia msomaji kazi ya kutafuta.

Mtoto aliyelelewa na ngeli hana mazoea ya kutafuta, maana hajawahi kuhitaji. Anapoona "it" anaipita, au anaibandika kwenye nomino ya kwanza aliyoikuta. Zoezi la kwanza ninalowapa vijana wanaokuja barazani ni hili: chukua penseli, zungushia kila "it", "they", "this" na "which", kisha chora mshale hadi kwenye kitu kinachotajwa. Ukishindwa kuchora mshale, basi bado hujaielewa sentensi hiyo. Usiende mbele.

Mtego wa pili ni maneno madogo yanayogeuza maana. Chukua sentensi hii: "Hardly had the farmers finished planting when the rains stopped." Niliwapa vijana watano. Watatu walisema wakulima walipanda kwa bidii sana. Waliona "hard" ndani ya "hardly", wakaishikilia. Kumbe maana yake ni kwamba wakulima walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza kupanda, mvua ikakatika. Ukikosea neno hilo moja, swali la kwa nini wakulima walikuwa na wasiwasi huliwezi tena.

Maneno ya aina hiyo si mengi. "Although", "unless", "despite", "however", tofauti ya "few" na "a few", na lile "not" linalojificha katikati ya swali. Mwanafunzi akiyaandika kwenye daftari, kila moja na sentensi yake ya Kiingereza na ya Kiswahili, atakuwa amejifunza kitu kitakachomfaa katika kila karatasi ya mtihani. Maneno makubwa kama "photosynthesis" huwa tunayakariri kwa juhudi, na haya madogo yanayoshika usukani wa sentensi tunayapita.

Kunakili hakuonyeshi kuelewa

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na hupiga chapa hata vipande vya majibu mazuri na mabaya jinsi vilivyoandikwa kwa mkono. Ziko kwenye tovuti ya baraza, hazina malipo, na mwanafunzi makini akizisoma anapata faida kubwa. Katika Kiingereza, kosa linalojirudia ni watahiniwa kunakili sentensi nzima kutoka kwenye kifungu na kuiita jibu.

Binti wa jirani naye alikuwa amenakili baadhi ya majibu yake. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Nikiandika ya kwangu nitakosea Kiingereza." Nilimwelewa. Sentensi ya kitabuni inaonekana salama kwa kuwa haina makosa. Lakini swali linaloanza na "why" linataka sababu, na sentensi aliyoinakili huenda inaeleza tukio, sababu ikiwa mistari miwili juu yake.

Dawa tuliyoitumia ni hii. Soma swali, rudi kwenye kifungu, tafuta mahali jibu lilipo. Kisha funika karatasi na useme jibu kwa Kiswahili, kwa sauti, kana kwamba unamweleza mtu. Ukishindwa kulisema, huna jibu bado. Funua usome tena. Ukiliweza, liandike kwa Kiingereza kifupi cha kwako, hata kama ni maneno sita. "Because the rains stopped early." Hapo hakuna madoido, na jibu limekamilika.

Wapo watakaosema kumruhusu mtoto Kiswahili katika somo la Kiingereza ni kumharibu. Nimeona shuleni watoto wakivishwa kibao shingoni kwa sababu ya kuzungumza Kiswahili, na nimeona walivyokuwa wakinyamaza baadaye. Mtaalamu wa Canada, Jim Cummins, alieleza mwaka 1979 kwamba uwezo wa kusoma na kufikiri ambao mtu ameujenga katika lugha yake ya kwanza ni msingi wa uwezo huo katika lugha ya pili. Kijana anayejua kupata wazo kuu la habari ya gazeti la Kiswahili hahitaji kuanza upya. Anahitaji kuonyeshwa kwamba akili ileile ndiyo inayotakiwa hapa.

Maneno mawili kwa mia

Kuna jambo jingine ambalo pasti pepa haziwezi kulitibu. Watafiti Marcella Hu na Paul Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili mtu asome hadithi bila msaada na kuielewa vya kutosha, anapaswa kuyajua kama maneno 98 katika kila maneno 100. Maneno mageni mawili kwa mia, basi. Yakizidi sana hapo, msomaji anabahatisha.

Sasa mpe mwanafunzi wa kawaida kifungu cha mtihani uone anapigia mstari maneno mangapi. Binti wa jirani alipiga mistari kumi na minne katika aya moja. Kwake kifungu kile kilikuwa kipimo, na kipimo hakijengi mwili. Kujenga kunataka vitabu vyepesi, vingi, vyenye hadithi tamu, vinavyosomwa bila maswali mwishoni.

Huko Fiji, Warwick Elley na Francis Mangubhai walijaribu jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipeleka katika madarasa ya shule za msingi vijijini vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa, vya Kiingereza, lugha ambayo si ya nyumbani kwa watoto hao. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, watoto waliosoma vitabu hivyo walikuwa wamepiga hatua katika usomaji mara mbili ya kasi ya kawaida. Hadithi tu, mikononi mwa watoto, kila siku.

Tunaweza kuanza hata bila vitabu 250. African Storybook inatoa hadithi nyingi bure kwenye mtandao, na baadhi zinapatikana kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, hivyo mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kusoma hadithi moja kwa lugha zote mbili. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Na kijana wa kidato cha tano au cha sita anayeona yuko tayari kwa mzigo mkubwa, achukue riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise ya mwaka 1994, na pembeni yake aweke Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022. Asome ukurasa wa Kiingereza, abahatishe maana, kisha aangalie mfasiri alisemaje. Simjui mwalimu wa tuisheni anayeweza kufundisha vizuri kuliko kurasa mbili hizo zikiwa zimekaa pamoja.

Dakika arobaini kwa kifungu kimoja

Ratiba yetu ya barazani ni nyepesi. Kifungu kimoja kwa wiki, dakika arobaini. Kwanza tunasoma maswali kabla ya kifungu, ili akili ijue inatafuta nini. Kisha tunasoma kifungu chote kimya, bila kamusi, na kila mmoja anasema kwa sentensi moja ya Kiswahili habari hii inahusu nini. Hapo hapo tumeshajibu nusu ya swali la kichwa cha habari. Tunarudi mara ya pili na penseli, tunachora mishale. Maneno mageni tunayabahatisha kutokana na majirani zake kabla ya kufungua kamusi. Majibu yanakuja mwisho, na kila jibu lazima lioneshe mstari lilipotoka. Kwenye ufupisho, tunahesabu maneno kwa kidole, kwa kuwa ukiambiwa idadi na ukaizidi, unapoteza alama ulizokuwa nazo mkononi.

Kifungu kimoja kilichotafunwa hivyo kinashinda kumi vilivyomezwa usiku wa kuamkia mtihani.

Na wewe mzazi unayesema Kiingereza hukukisoma, kazi yako ipo. Mtoto akifunga kitabu, muulize: "Hadithi inasemaje?" Akueleze kwa lugha ya nyumbani. Akiruka mahali, utajua, maana hadithi itakatika, na wewe hadithi iliyokatika unaitambua tangu enzi za bibi yako. Mwambie arudi akasome pale. Hizo ni dakika kumi za jioni, wakati chai inachemka.

Wiki nne baadaye binti wa jirani alikuja tena, safari hii na mdogo wake wa kidato cha kwanza. Hakuwa na karatasi ya alama. Alikuwa na kitabu cha hadithi alichokiazima shuleni, na kabla sijatandika mkeka alikuwa ameshamkalisha mdogo wake kwenye ngazi na kumpa penseli. Nilimsikia kutoka ndani.

"Hapa wanasema 'they'. Ni kina nani hao?"

Mdogo wake akakaa kimya.

"Rudi juu ukawatafute. Nakusubiri."