Waya Uletao Umeme na Uharibifu Chomboni

Mwaka 1761 manowari ya Uingereza iitwayo Alarm ilivikwa mabamba ya shaba upande wa chini, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao zake. Mabamba yalipigiliwa misumari ya chuma. Baada ya miaka miwili katika bahari ya Antili ilikaguliwa, na tazama, misumari mingi ilikuwa imeliwa kabisa. Michache ilisalimika, kwa kuwa chini ya vichwa vyake palibaki karatasi ambayo mabamba yalifungiwa yalipoletwa, wala hakuna fundi aliyejisumbua kuiondoa. Uvivu wao ulitufundisha jambo kubwa!

Madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme kidogo hupita kati yao, na yaliyo dhaifu huliwa. Mwaka 1824 Humphry Davy alionyesha ya kuwa kipande kidogo cha zinki kikifungwa penye shaba, huliwa badala yake. Hata leo wenye vyombo hufunga zinki karibu na rafadha. (Katika maziwa kama Tanganyika, yasiyo na maji ya chumvi, magnesiamu hufaa zaidi.)

Lakini chombo kikifika gatini, mwenyewe huunga waya mnene kutoka nchi kavu, apate taa na kujaza betri. Ndani yake umo waya wa ardhi, unaounganishwa na madini ya chombo. Jirani naye ana wake. Hivyo vyombo vyote viwili na nguzo za chuma za gati vimefungamana, navyo vimesimama katika maji mamoja. Zinki yako sasa yalinda mali ya watu wote. Yaisha upesi, na rafadha yako ndiyo inayofuata.

Wako wasemao: Tuukate waya huo. La, hasha! Umewekwa kulinda watu. Umeme ukivuja chomboni, ndio unaourudisha hata swichi ijizime. Ukikatwa, mtu agusaye chuma, au mtoto aogeleaye karibu, aweza kufa. Twaona heri rafadha kumi zioze.

Fundi wa umeme hutia katika waya huo kizuio kidogo, kinachozuia umeme dhaifu wa madini, usiofikia volti moja na nusu, lakini huuachia njia umeme mkubwa wa hatari. Iko pia transfoma ya kutenganisha, nzito na ya bei kubwa, ambayo kwayo waya wa ardhi wa nchi kavu haugusi madini ya chombo. Asiyeweza kununua hata kimoja, na achomoe waya mnene wote kila asipouhitaji.