Una Baridi Yabisi? Usikubali Kuzungushwa Shingo kwa Kinyozi

Mgonjwa wa baridi yabisi anapofika hospitalini, aghalabu huonyesha vidole, viganja na magoti. Shingo huitaja mwisho, au haitaji kabisa, akidhani maumivu yake yameletwa na mto mbaya au uchovu wa shambani. Idara ya Afya ya kaunti inawahimiza wakazi wenye ugonjwa huu wasiipuuze shingo.

Licha ya jina lake, baridi yabisi haisababishwi na baridi ya asubuhi, wala si uzee. Ni ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na wengi huanza kuugua wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi.

Kinachotokea shingoni

Pingili mbili za juu kabisa za shingo ndizo hutuwezesha kugeuza kichwa kulia na kushoto. Ya kwanza ni kama pete. Ya pili ina mfupa uliochomoza kama jino, unaoingia ndani ya pete hiyo na kushikiliwa hapo na ukano imara. Uvimbe ukidumu kwa miaka bila kudhibitiwa, ukano hulegea na mfupa huliwa. Pingili huanza kuteleza, hasa mtu anapoinama, na huweza kubana neva zinazotoka kwenye ubongo kwenda mwilini. Zikibanwa sana, mtu anaweza kupooza.

Dalili za kuangalia

• Maumivu chini ya kisogo yanayopanda kichwani
• Kuhisi kichwa kinateleza au shingo inagonga unapoinama
• Ganzi mikononi, au mshtuko kama wa umeme unaoteremka mgongoni
• Kushindwa kufunga vifungo, kuangusha vitu, au miguu kukosa nguvu
• Kushindwa kuzuia haja

Ganzi, udhaifu au kushindwa kuzuia haja ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wengine hawana dalili yoyote ilhali pingili zimeshaanza kulegea. Kwa hivyo, ikiwa umeugua kwa miaka mingi, muulize daktari kama unahitaji eksirei ya shingo, inayopigwa ukiwa umeinamisha kichwa na ukiwa umekiinua.

Mkao na kazi za kila siku

Mkao mzuri hauponyi ukano uliolegea, lakini huipunguzia shingo mzigo. Keti masikio yakiwa sambamba na mabega. Inua simu ifike usawa wa macho badala ya kuinama juu yake. Ukichambua mboga au kushona, weka kazi mezani na upumzike mara kwa mara. Lala chali au ubavu kwa mto mmoja usio mnene, na usilale kifudifudi. Unapoamka, geuka ubavu kwanza, kisha jiinue kwa mikono.

Epuka kubeba mtungi wa maji kichwani au kuni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Gawanya mzigo, tumia mkokoteni, au omba jamaa wakusaidie.

Jambo jingine ni desturi ya vinyozi wetu kumaliza kazi kwa kukanda kichwa na kukizungusha shingo ilie. Kwa mwenye pingili zilizolegea, mzunguko huo mmoja unaweza kuleta madhara ya kudumu. Mwambie kinyozi mapema: "Shingo yangu usiiguse." Mwambie vivyo hivyo mkandaji yeyote. Mazoezi ya shingo nayo yaelekezwe na mtaalamu wa fiziotherapia.

Ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa goti au wa kujifungua, mjulishe anayetoa dawa ya usingizi kwamba una baridi yabisi. Mgonjwa akilazwa usingizi, kichwa chake hurudishwa nyuma ili mpira wa hewa upitishwe kooni, na shingo dhaifu huhitaji uangalifu wa ziada.

Matibabu yapo

Dawa za kutuliza maumivu pekee hazizuii ugonjwa kula viungo. Dawa za kudhibiti kinga, kama methotrexate, ndizo hufanya hivyo, na zikianzwa mapema huikinga shingo pia. Usiziache bila ushauri wa daktari kwa sababu tu unajisikia nafuu. Pingili zikiwa zimeteleza sana, madaktari wa upasuaji wanaweza kuziunganisha.

Anzia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako utapewa rufaa ikihitajika. Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, piga *147# kabla hujahitaji huduma.